Mwizi Aliyebandua Nailoni

Mwizi aliyeiba kadi ya grafiki ya Mama Gervas alikuwa na adabu zake. Alifungua kompyuta, akachomoa kadi, kisha akarudisha mfuniko na kukaza skrubu zote. Hata waya wa skrini hakuutupa ovyo. Aliukunja vizuri akaulaza mezani.

Inspekta Tupokigwe Mwaisela, mama wa makamo, aliinama, akaangalia, akainuka huku akiyalalamikia magoti yake.

"Stanley, umewahi kuona mwizi anayefunga kabati baada ya kuiba nguo?"

"Hapana, afande," alijibu Koplo Stanley, msaidizi wake.

"Basi leo umemwona."

Eneo la tukio lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya Mama Gervas, huko Gongo la Mboto, ambako vijana wa mtaa walilipa kucheza gemu. Mlango haukuvunjwa. Kufuli lilikuwa zima. Televisheni zilikuwepo, kopo la hela lilikuwepo, na hela zake ndani. Kilichoondoka ni kipande kimoja tu, kutoka tumboni mwa kompyuta kubwa.

"Na hiyo kadi ndiyo nini hasa?" Inspekta aliuliza. "Maana mie kadi ninazozijua ni za michango ya harusi, na hizo naomba ziibiwe zote."

Stanley alicheka. Mambo ya gemu aliyajua, tena kuliko alivyotaka wakubwa wake wajue. "Ndiyo inayochora picha, afande. Mpira, magari, vita, vyote inavichora kadi. Bila hiyo kompyuta inawaka, lakini gemu nzito haichezeki."

Mlalamikaji, Monica Komba, alikaa kwenye kiti cha pembeni akijipepea kwa ncha ya khanga. Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mjane, mtu wa Songea. Mtaa mzima ulimwita Mama Gervas.

"Pole sana, mama," Inspekta alimwambia. "Kadi mlinunua lini?"

"Mwezi uliopita. Mpya kabisa, ina nailoni yake."

Hapo lazima mjue jambo moja. Kwa Mama Gervas kitu hakivuliwi nailoni. Viti vilikuwa na nailoni, rimoti ilikuwa na nailoni, na friji ilikuwa na nailoni iliyokwisha kuwa ya njano kwa uzee. Ukikalia kiti chake kwa joto la Dar, unanyanyuka nacho. Nani hamjui mama wa namna hii? Wengine tumelelewa nao.

"Fedha ya kadi ilitoka wapi?"

Mama alishusha khanga. "Ilikuwa ya kaburi la mume wangu. Tulitaka twende nyumbani Desemba tukalijengee, tuweke marumaru na msalaba. Mwanangu akasema, mama, tununue mashine nzuri kwanza, wateja waje, mashine ndiyo ijenge kaburi. Nikaona mtoto ana akili. Leo angalia!"

Huyo mtoto mwenye akili alikuwa amesimama mlangoni, kijana mrefu, begi mgongoni.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Wewe ndiye Gervas? Unasafiri?"

"Hapana."

"Kadi aliichagua nani?"

"Mie."

"Mliinunua wapi?"

"Kinondoni. Kwa jamaa mmoja anaitwa Edgar."

"Ilikuwa inafanya kazi vizuri?"

Gervas alimtazama mama yake. "Vizuri tu."

"Vizuri gani?" mama alidakia. "Ilikuwa inakwama! Mpira unakwama utadhani wanacheza kwenye matope. Ndiyo maana jana Jabiri akasema mbele ya wateja, kesho asubuhi nitaifungua niione ina nini. Kumbe alikuwa anatuaga! Asubuhi tunaamka, kadi hakuna. Nimemlisha ugali kwangu, yule!"

Jabiri alikuwa fundi simu mwenye kibanda mlango wa pili. Funguo ya akiba ya chumba hiki ilikaa kwake. Polisi wa doria walikwisha kumchukua asubuhi ileile, mtaa mzima ukishangilia kama mpira wa fainali.

Inspekta alipitisha mkono nyuma ya meza. Akatoka na kitu kimekunjwakunjwa. Alikinyoosha. Kilikuwa kipande cha nailoni laini, chenye matundu mawili ya duara mahali feni za kadi zinapokaa.

"Hii ni nini?"

"Nailoni yangu!" Mama Gervas aliruka. "Nani kaibandua? Nilisema isibanduliwe!"

Gervas aliangalia miguu yake.

Inspekta alikitia kile kidhibiti kwenye bahasha.

*

Jabiri alikuwa mahabusu, peku, mkanda wameshamvua. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa, mwenyeji wa Lindi, na sauti yake ilikuwa imekauka kwa kujieleza bila kusikilizwa.

"Funguo unayo?"

"Ninayo. Mama Gervas alinipa mwenyewe."

"Ulisema utaifungua kompyuta?"

"Nilisema. Mwizi gani anatangaza, afande?"

"Wajinga wapo."

"Wapo. Ila mie simo."

Inspekta alikaribia kutabasamu. "Unajua mkuu wa kituo anataka kesho asubuhi ukapande kizimbani?"

Jabiri alishika nondo za mlango. "Wallahi afande, kesho asubuhi nina usaili Kinyerezi. Mitambo ya gesi. Wanachukua mafundi umeme. Nimesoma, nimemaliza, nimeishia kubadilisha vioo vya simu. Hii ndiyo mara ya kwanza wananiita. Nisipotokea, ndiyo basi tena. Nani atamwita tena mtu aliyekuwa ndani kwa wizi?"

Jibu lilijulikana. Inspekta alivuta kiti.

"Wewe ungekuwa na hela kidogo, ungechaguaje kadi ya gemu?"

Jabiri alishangaa, lakini fundi akiulizwa mambo ya ufundi hanyamazi. "Kwanza siangalii jina la kadi. Naangalia skrini niliyonayo. Skrini za kwa Mama Gervas ni za kawaida, hazihitaji dude kubwa. Pili naangalia pawa saplai, ile inayogawa umeme ndani ya kompyuta. Kama ni dhaifu, kadi kubwa haitashiba, mashine itazimika katikati ya mechi. Ukishajua hayo mawili, tafuta iliyotumika, iliyo imara. Ila uione inacheza mbele ya macho yako, nusu saa, ipate moto. Hayo yote nilimwambia Gervas."

"Akasemaje?"

"Akasema mama hataki mtumba. Anataka mpya."

"Akanunua mpya."

"Kwa bei ya mtumba! Hapo ndipo niliposhtuka, afande. Na ikaanza kukwama. Nilitaka niifungue nione kuna nini, basi. Gervas ni rafiki yangu."

"Alikwambia usiifungue?"

Jabiri alifikiri. "Hakusema kitu. Alicheka tu."

*

Mkuu wa kituo alikuwa na foleni ya watu mlangoni na hakuwa na subira.

"Funguo anayo, ujuzi anao, na alitangaza mwenyewe. Unataka nini zaidi, Tupokigwe?"

"Nataka mpaka jioni."

"Jioni ya leo. Kesho anakwenda mahakamani."

Gari la kituo halikuwa na mafuta, kama kawaida yake, kwa hiyo waliondoka na kigari cha Stanley kuelekea Kinondoni. Njiani Inspekta alitoa ile nailoni, akaitazama kwenye mwanga.

"Stanley, hiyo simu yako ungetaka kuiuza kesho, ungebandua nailoni?"

"Thubutu! Nailoni ndiyo bei yenyewe, afande. Ukibandua tu, wanakwambia imetumika."

"Basi mwizi wetu anataka kuuza kadi, na kitu cha kwanza anachofanya ni kuishusha bei?"

Stanley alikosa kuona taa imewaka kijani, wa nyuma wakampigia honi.

"Haendi kuuza," alisema hatimaye.

"Haendi. Aliibandua kwa sababu alitaka kuona chini yake kuna nini. Sasa na sie twende tukaone."

*

Duka la Edgar lilikuwa dogo, lenye kiyoyozi na taa za bluu. Mwenyewe alikuwa kijana nadhifu, mwenye maneno matamu.

"Karibu, mama yangu. Nikusaidie nini?"

"Mwanangu wa dada anataka kadi ya gemu," Inspekta alisema kwa sauti ya mtu aliyepotea. Siku hiyo yeye na Stanley hawakuvaa sare. "Hela yenyewe ndogo. Na sitaki iliyotumika."

"Umefika! Hii hapa. Mpya, haijaguswa. Kwingine hii bei wanakuuzia mtumba."

Aliweka mezani kadi iliyong'aa, imevikwa nailoni.

"Iwashe basi niione."

"Aa, mama! Nikiiwasha si itakuwa imetumika? Hii mpaka nailoni ikavuliwe nyumbani kwako. Wengine hawavui kabisa, inakaa mpya miaka."

Alikuwa anajua anaongea na nani, mjanja huyu. Alikwisha kuona kwamba watu wetu wanapenda upya wa kitu kuliko kitu chenyewe, na juu ya hilo akajenga biashara.

Inspekta alitia ukucha pembeni mwa nailoni, akaivuta yote kwa mkupuo.

"Ebo! Mama, unaharibu mali!"

Chini ya nailoni kulikuwa na lebo yenye jina la kadi ya kisasa. Inspekta alitia tena ukucha. Lebo ikatoka. Chini yake ilikuwepo nyingine, imechakaa, yenye jina jingine. Stanley aliisoma, akapiga mluzi.

"Afande, hii ni ya zamani. Mie hata sijamaliza shule ilikuwepo. Wanaisafisha, wanaichezea programu yake, kompyuta inasoma jina jipya. Kucheza sasa, ndiyo inaishia kukwama."

"Afande?" Edgar alirudia neno hilo polepole.

Inspekta alitoa kitambulisho. "Inspekta Mwaisela. Kuna kijana wa Gongo la Mboto, mrefu, anaitwa Gervas. Ulimuuzia?"

"Mie nauza kama ninavyoletewa..."

"Sijakuuliza hilo. Ulimuuzia?"

"Nilimuuzia."

"Alirudi?"

Edgar alijifuta jasho pamoja na kiyoyozi chake chote. "Juzi. Alikuja na kadi, kaibandua. Akaomba nimrudishie hela. Nikamwambia mali ikishabanduliwa haipokelewi. Akalia hapohapo ulipo, akisema hela ya marehemu, hela ya marehemu. Sikumwelewa."

"Mie nimemwelewa," Inspekta alisema. "Funga duka. Tunakwenda wote."

*

Jua lilikuwa bado juu waliporudi Gongo la Mboto. Edgar alibaki kituoni kuandikisha maelezo. Mama Gervas alikuwa palepale kwenye kiti chake, na mwanawe palepale mlangoni.

"Gervas, kaa."

"Nitasimama tu, afande."

"Tangu asubuhi umesimama, na begi tangu asubuhi liko mgongoni. Joto lote hili. Lina nini?"

"Nguo."

"Gervas, nimetoka kwa Edgar."

Kijana alifumba macho. Halafu akakaa chini sakafuni, begi likiwa bado mgongoni.

"Nimeichukua mie," alisema.

"Nini?" Mama Gervas alisimama, na kiti kikasimama naye kidogo kabla ya kumwachia. "Umechukua nini?"

"Kadi, mama. Nimeichukua mie. Jabiri hajaiba kitu."

Alifungua begi. Kadi ilikuwa imefungwa ndani ya shati. Akaiweka mbele ya mama yake, lebo ya juu ikiwa imebanduliwa nusu.

"Eleza yote," Inspekta alisema kwa upole. "Stanley, andika."

"Ilianza kukwama wiki ya kwanza. Nikajipa moyo, labda gemu ndiyo nzito. Juzi mama alikwenda kanisani, nikaifungua, nikabandua nailoni, nikaona. Lebo juu ya lebo. Nikakimbia Kinondoni, jamaa akakataa. Nikairudisha ndani ya mashine, nikasema nitatafuta namna. Jana Jabiri akasema ataifungua asubuhi. Jabiri akiona tu, anajua. Na mama angejua."

"Ungemwambia mama."

"Nimwambieje, afande? Nimwambie kaburi la baba nimelinunulia uchafu? Nilipewa kazi moja, kuchagua. Moja! Nikaona bora waseme imeibiwa. Kuibiwa ni bahati mbaya, humlaumu mtu. Nilidhani atalia, basi itapita. Sikujua atamtaja Jabiri. Sikujua watamchukua."

Mama Gervas aliokota kadi, akaigeuza, akaiweka chini.

"Ulikuwa hapo mlangoni," alisema. "Nikimwita mtoto wa watu mwizi. Ukanisikiliza."

"Nilitaka kusema, mama. Kila nikifungua mdomo namwona baba."

"Unajua kesho ana usaili?"

"Najua." Gervas alikuwa analia waziwazi sasa. "Shati la kuvaa niliahidi kumwazima mie. Ndilo hilo nililofungia kadi."

Mama Gervas alivuta pumzi ndefu. Aliyefundishwa naye darasani angejua kwamba mtu anakwenda kuchapwa. Lakini alipoinama alikuwa anaokota lile shati. Alilikung'uta, akalitazama kola.

"Baba yako amelala, Gervas. Hana haraka. Mwenye haraka ni Jabiri. Inuka twende."

"Hujakasirika, mama?"

"Nimekasirika mpaka basi! Hasira itasubiri zamu yake. Inuka!"

Inspekta alimzuia kidogo. "Kuchukua kadi, hilo ni la mama, yeye ndiye mlalamikaji. Ila kukaa kimya huku mtu anafungwa kwa sababu yako, hilo si dogo. Utaandika maelezo yako mwenyewe, utaripoti kituoni kila utakapoitwa, na siku ya kesi ya Edgar utasimama mbele ya hakimu useme ulivyotapeliwa. Kwa sauti. Umeelewa?"

"Nimeelewa, afande."

*

Mkuu wa kituo alisoma maelezo, akakuna kichwa, akasaini. Jabiri alitolewa mahabusu jua likianza kulegea, akarudishiwa mkanda na viatu. Alipowaona waliomngojea, alisimama.

Mama Gervas ndiye aliyemfuata. "Jabiri, mwanangu, nimekukosea. Nilikuita mwizi mbele ya mtaa. Leo nikirudi, nasimama mbele ya mtaa uleule, nasema nilikosea. Nyumba kwa nyumba, hata kama ni mpaka kesho."

"Yameisha, mama."

"Hayajaisha. Shati lako la usaili hili, nakwenda kulifua na kulipiga pasi mwenyewe."

Gervas alibaki nyuma. Jabiri alimwendea.

"Ungeniambia," Jabiri alisema. "Tungekwenda wote kwa yule jamaa. Mie ningekaa pale dukani mpaka atoe hela. Wewe ukaona bora nilale ndani?"

"Nisamehe."

"Sijui, Gervas. Kesho nina usaili. Niache kwanza."

Akaondoka na Mama Gervas. Gervas aliwafuata kwa mbali. Inspekta alibaki kizingitini, moyo ukimuuma kwa ajili ya wote wawili, akasema moyoni kwamba kesi nyingine hazifungwi na polisi.

Lakini mama alitimiza. Jioni ile walimwona akipita mlango hadi mlango, mwalimu mzima, akiwaambia watu wazima na watoto: "Jabiri hakuiba. Mie ndiye niliyesema uongo bila kujua." Waliowashangilia polisi wa doria asubuhi walianza kukumbuka kwamba wao walikuwa wamemwamini kijana tangu mwanzo.

*

Jabiri alikwenda Kinyerezi na shati lililonyooka kama kadibodi. Walimchukua, kwanza kwa majaribio. Edgar alifikishwa mahakamani, na wengine waliouziwa kadi kuukuu wakajitokeza na nailoni zao mkononi. Kabla kesi haijaenda mbali alikwisha kuwarudishia watu fedha zao, akitumaini hakimu atamwangalia kwa jicho la huruma.

Fedha ya Mama Gervas iliporudi, alimkabidhi Jabiri. "Wewe ndiye fundi. Kanunue unayoijua."

Jumamosi moja Jabiri alimpitia Gervas. Walikuwa wanasalimiana siku hizo, lakini salamu za mlangoni tu. Stanley alijiunga nao, akidai anakwenda kulinda fedha ya ushahidi, ingawa hapakuwa na ushahidi wowote wa kulinda. Alitaka tu kuona kadi.

Walikwenda duka jingine, la mzee mmoja mpole mwenye meza iliyojaa vipuri. Mzee aliwapangia kadi tatu, zote zimetumika. Moja kubwa yenye feni tatu, moja ya wastani, moja ndogo.

Gervas alirudi nyuma hatua moja. "Chagua, fundi."

Jabiri alitoa bahasha ya fedha mfukoni. Badala ya kumpa mzee, alimshika Gervas mkono, akaitia bahasha kiganjani mwake.

"Chagua wewe."

"Mie? Jabiri, mie nilishaharibu. Mama kakupa wewe."

"Mama kanipa mie, mie nakupa wewe." Jabiri alitazama pembeni, kwenye feni za ukutani, maana maneno mengine hayasemeki uso kwa uso. "Nimeshakusamehe zamani, ila nilikuwa sijui nianzie wapi kukwambia. Chagua, ndugu yangu, twende zetu nyumbani."

Stanley, askari mzima, aligeukia rafu ya waya akajifanya anasoma bei.

Gervas alijifuta uso kwa mkono wa shati. Alizitazama kadi zote tatu, akaigusa ile kubwa, akaiacha. Akainua ile ya wastani.

"Mzee," alisema, na sauti yake haikutetemeka, "tuwashie hii tuione."